Eda ya Mama na Panya wa Nairobi

Mwezi uliopita, kwenye hitma ya shangazi Bi Esha, sinia la tende lilikuwa bado halijanifikia pale binamu yangu mmoja aliponijulisha kwa mke wa mwanawe, msichana aliyeolewa kutoka Kizingitini. Hakutaja jina langu wala kazi yangu. Alisema, "Huyu ndiye alomkimbiza mamake edani," na wanawake wote waliokuwa wamekaa upande ule wa msana, ukumbi mrefu wa ndani, wakacheka ndani ya buibui zao, kicheko kile cha matangani ambacho mtu hukiziba kwa kiganja halafu husema astaghafiru. Nami nilicheka. Nimezoea. Miaka imepita, watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao, lakini kisa hiki hapa Amu, kisiwani Lamu, bado kinaliwa kama halua, kila mtu anamega anapotaka. Ila hakuna hata mmoja kati ya wanaokisimulia anayejua nilivyoogopa. Nilirudi nyumbani, nikakaa peke yangu kwenye ngazi, na mwaka mzima ukanirudia. Sitaeleza nasaba wala ukoo. Anayetujua anatujua, na asiyetujua hazitamsaidia kitu.

Mwaka ule nilikuwa binti mdogo tu, mtumishi wa chumba cha wanyama katika maabara ya chuo kimoja Nairobi. Kazi niliipata kwa cheti changu cha sayansi na kwa kutoogopa panya, sifa ambayo wenzangu walioomba waliikosa. Chumba kilikuwa hakina dirisha. Kilinuka unga wa mbao na mkojo, na taa zake ziliwaka na kuzimika zenyewe, kwa hiyo nikiwa mle sikujua kama nje ni asubuhi au alasiri. Panya wote walikuwa majike weupe. Baadhi yao walipasuliwa wakaondolewa ovari, ili miili yao ikose homoni ya estrojeni kama unavyoikosa mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi. Kati ya hao waliopasuliwa, wengine waliwekwa kila siku juu ya mkanda unaozunguka wakakimbia, na wengine waliachwa vizimbani wakae, wale, walale. Mimi niliwalisha, nikawapima uzito, nikasafisha chini yao, nikawasimamia kwenye mkanda. Niliwapenda wale wa mkanda kwa ukaidi wao. Wale wa kukaa walinenepa taratibu, na walikuwa wapole, wanakubali kushikwa.

Siku ilipofika ya kutazama maini, daktari mwenye utafiti aliniita nisimame karibu naye. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ini la panya ambaye hakupasuliwa lilikuwa jekundu la kuiva. La yule aliyeondolewa ovari akakaa tu lilikuwa limepauka, lina umanjano, na lilipokatwa likaacha utelezi kwenye wembe. La yule aliyekimbia lilikuwa karibu na lile jekundu. Daktari alinieleza kwamba estrojeni ikiondoka, ini hulimbikiza mafuta kuliko linavyoyatoa, na kwamba mwili unaofanya kazi huyachoma. Kisha akaongeza jambo ambalo heri asingeliniambia: panya walioanza kwa kukimbia, halafu mkanda wao ukasimamishwa, mafuta yaliwarudia. "Lakini hawa ni panya, Swafiya," akasema. "Usije ukamtazama binadamu ukaona panya." Nikaitikia ndiyo, daktari. Nilikuwa mwepesi wa kuitikia.

Miezi michache baadaye, mama alipasuliwa Mombasa. Alikuwa na uvimbe, na waliuondoa pamoja na kizazi na ovari zote mbili. Alirudi Amu akiwa mwembamba, rangi imemtoka, na kabla kidonda hakijakauka vizuri baba akafa, ghafla, baada ya sala ya alasiri, akiwa anavua viatu. Habari ilinikuta Nairobi. Nilipofika nyumbani baba ameshazikwa na mama ameshaingia eda. Niliomba likizo isiyo na malipo nikabaki naye, kwa kuwa sikuwa na ndugu wa kike, na kwa kuwa nilipomwona ameketi juu ya kitanda cha ndani, hana wanja, hana hina, hana harufu ya udi aliyoivaa maisha yangu yote, sikumtambua mara moja.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hilo kila mtu analijua. Hatoki nyumbani, hajipambi, hajitii manukato. Lakini mtaani kwetu wanawake walikuwa wameiongezea sheria yao wenyewe: mjane anayemlilia mumewe kwa haki huketi. Huketi ndani kabisa, nyuma ya msana, na kila kitu huletewa hapo alipo. Akionekana kiwandani, ule uwanja wa katikati ya nyumba usio na dari, watu huulizana anatafuta nini. Akipanda jikoni, ambako kwetu ni juu kabisa chini ya makuti, huambiwa amesahau haraka. Na kwa mama kulikuwa na jambo la pili. Shangazi Bi Esha, dada yake baba, alishikilia kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi ana nafasi tupu tumboni, na nafasi hiyo ni lazima ijazwe chakula, pasije pakaingia upepo. Basi akamjaza. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa samli na kuku wa kupaka. Alasiri kaimati zinazochuruzika shira, na jioni uji wa ngano uliowekwa samli juu ikaelea. "Kula, wifi yangu, kula," alikuwa akisema, amekaa ukingoni mwa kitanda na sahani mkononi, machozi yanamtoka kwa ajili ya kaka yake. Mama alikula kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana. Vilikuwa vyakula vitamu mno, nami nilikula masazo yake nikajilamba vidole, kisha nikaona haya.

Hofu ilinianza kwa kanga. Ile iliyokuwa ikimzunguka mama mara mbili na ncha ikabaki, sasa haibaki. Uso ukawa mviringo, mikono ikabaki myembamba, tumbo likatangulia. Akaanza kulalamika kwamba anahisi uzito chini ya mbavu za kulia, kama kwamba amelalia jiwe. Jasho lilimtoka mchana na feni inazunguka. Akawa mpole. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu mama hakuwa mtu mpole, alikuwa mtu wa kukuuliza ulikotoka kabla hujamaliza kuingia. Sasa ukimwinua anainuka, ukimlaza analala. Nikimtazama pale kitandani, mweupe katika kanga zake za eda, niliona nilichokatazwa kukiona. Nilimsihi twende hospitali apigwe picha ya tumbo. Hata shangazi alisema maradhi yana ruhusa yake, mjane mgonjwa hutoka. Mama alikataa katakata. "Sitoki nde kabla eda haijesha," alisema. "Nimekaa na yeye tangu ni mwari. Nitashindwa kumkalia muda huu mdogo?" Kwa hiyo nilijua kwamba mpaka eda iishe hakuna atakayeniambia kuna nini ndani ya mama, na kwamba kila siku anayoikaa ni siku ya kuzidi.

Asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti ninakanda unga wa mkate karibu na kitanda chake ili asiwe peke yake, nilimweleza yote. Nilimweleza ovari, estrojeni, mkanda na maini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatazama unga.

"Na hao panya uliwashika kwa mikono hiyo?"

"Kwa glavu, mama."

"Hiyo mikono ndiyo unonikandia mkate yeo?"

"Mama, sisemi habari ya mikono. Nasema habari ya ini lako."

"Nenda kanawe. Kisha uye uniambie mimi ni panya wa wapi, wa kukaa au wa kukimbia."

Nikanawa, nikarudi, nikajaribu tena, na safari hii nikalia. Nilimwambia baba ameshaondoka bila mimi kumwona, na kwamba naogopa, naogopa kila nikimwona yeye anafumba macho, na kama naye atakufa mimi sina mahali pa kurudi. Sikuwa nimekusudia kusema hivyo. Mama alinivuta akaniweka kichwa kwenye paja lake, unga wangu ukamchafua kanga. "Usilie," akasema. "Kutembea tu? Basi nitatembea. Ukome kulia."

Alianza siku ile ile, kiwandani, baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo mtaa umelala. Alizunguka kuta kwa polepole, tasbihi mkononi, akimwombea baba rehema, na mimi nimekaa kwenye mlango wa msana namhesabia kwa moyo. Siku za mwanzo alichoka baada ya mizunguko michache. Baadaye pumzi ikamfunguka. Alianza kuniuliza tena nilikotoka. Nami nikaanza kulala usingizi wa kweli, mpaka siku nilipokwenda dukani kununua sukari, nikamkuta jirani yetu wa ukuta wa nyuma akimweleza mwenzake, na aliponiona akanyamaza, akaanza kusifu mchele wa dukani. Sukari haikuhitajika tena. Nilijifanya naondoka, nikajificha pembeni mwa duka nikasikiliza.

"Nimemuona kwa mato yangu, kutoka darini," alikuwa akisema. "Yuwazunguka kiwanda na tasbihi. Yuwatufu!"

"Tawafu? Ya nini?"

"Nambie wewe. Mui huu wa Amu una Kaaba tangu lini?"

Jioni habari ilikuwa imefika kwa shangazi, na shangazi akafika kwetu akihema. Hakumgombeza mama. Alinigombeza mimi kiwandani, kwa sauti ya chini, kwamba nimerudi nyumbani kwa kaka yake na akili za panya wa Nairobi na sasa nyumba yake inasemwa kwa uzushi wa dini. Mama alisikia. Kesho yake hakuzunguka. Alitembea kwa kunyooka, kutoka ukuta hadi ukuta, kwenda na kurudi. Siku hiyo hiyo ikasemwa kwamba Bi Rukia, mamangu, amemaliza tawafu, sasa yuko Safa na Marwa, kwenye kile kwenda na kurudi cha mahujaji. Leo nikikisimulia kipande hiki nacheka mwenyewe. Siku ile mama alikaa kitandani akavuta shuka mpaka kifuani. "Basi, Swafiya," akasema. "Wasije wakasema mume wangu alikufa nami nikatafuta mchezo."

Na kwa siku nyingi hakuinuka. Hapo ndipo hofu ilipokaa mwilini mwangu kama homa. Nilikuwa nikifikiria panya wa mkanda uliosimamishwa, jinsi walivyorudi kuwa wanene kuliko walivyotakiwa, na jinsi daktari alivyolinyanyua ini moja kwa koleo. Sahani za shangazi ziliingia, zikatoka tupu. Mama alirudia upole wake. Nilimkanda miguu nikijiambia hiyo nayo ni mazoezi, nikijua ninajidanganya. Nilikosa hamu ya kula mimi, na shangazi alipoona hivyo akaanza kunijaza na mimi.

Aliyetafuta njia ni mama mwenyewe, na sikumsaidia kwa lolote. Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nilipiga kelele. Nilimtafuta chooni, msana wa nje, kiwandani, kisha nikasikia nazi inakunwa juu ya kichwa changu. Nilipanda ngazi zile za mawe, ndefu, zilizochongoka, mbili mbili. Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, jasho limemtapakaa, anahema. "Kupanda ngazi hakuna Hija yake," akaniambia. "Nimetafuta la kufanya, usiniulize. Shuka ukaniletee mai." Nikashuka nusu ya ngazi akaniita. "La. Wata. Nitashuka mwenyewe."

Tangu siku ile akashika jiko. Kila kitu alikisahau chini kwa makusudi: chumvi, kibiriti, kijiko. Akashuka akapanda, akashuka akapanda. Na chakula cha shangazi kilipoletwa, alikifunika vizuri, akamshukuru aliyekileta, akakirudisha kilivyo. Kwetu kurudisha sufuria ikiwa na chakula ndani ni kumpiga mtu kofi. Shangazi alikuja mwenyewe, sufuria kwapani, akapanda moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi na ndoo, nikasimama pale pale, kwa sababu niliogopa kupanda na niliogopa kushuka.

"Rukia," nilimsikia, "chakula changu kina nini hata kirudi?"

"Hakina kitu, wifi. Ni kitamu."

"Watu wasemaye? Mke wa nduu yangu yu edani, yuwapanda ngazi, yuwala moshi kama mtumishi, nami ni hai? Huna huzuni?"

Nikasikia kisu kinawekwa.

"Esha, nikiketi pale ndani, mimi namngoja. Mlango ukilia, nasema ndiye. Kiatu kikisikika ndiani, nasema ndiye. Mtana kutwa namngoja mtu alokufa. Nikipanda ngazi hizi nikifika yuu nina pumzi tu, sina wa kumngoja. Unanitaka nirudi nikangoje?"

Nilisikia shangazi akilia, kisha mama naye, na walilia kwa muda mrefu, wanawake wawili juu yangu na moshi wa vifuu unashuka ngazini. Mimi nilikuwa nimefikiria ini tu. Wiki zile zote nilikuwa nikimtazama mamangu nikaona kiungo kimoja, na kumbe mwenyewe alikuwa amezama mahali pengine kabisa. Hatimaye shangazi alipiga chafya, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Basi kuanzia kesho nitaleta samaki mbichi, mtapika wenyewe. Lakini msinirudishie tena sufuria na chakula ndani, mukanitia aibu kwa watu." Akashuka akanipita pale ngazini bila kunitazama, akanifinya shavu kwa nguvu.

Hofu yangu haikwisha kwa hilo. Mama alipungua, kanga ikaanza kubakisha ncha, lakini ule uzito wa ubavu ulikuwa ukija na kuondoka, na ndani hakuonekani kwa kanga. Eda ilipoisha, alikoga, akavaa nguo ya rangi, wanawake wakaja wakamfukizia udi. Watu walitarajia atoke kwanza kwenda kuamkia ndugu. Yeye alitoka nami kwenda hospitali, kwa kuwa wiki hiyo alikuwepo daktari mgeni aliyekuja na mashine ya kupiga picha za tumbo. Shangazi alitaka tumkodie punda. Mama alisema punda apumzike.

Nilisimama nje ya pazia. Daktari alikuwa kijana, mzungumzaji, akimwita mama "bibi" na mama akimsahihisha. Alipofungua pazia alisema mafuta yapo kwenye ini, wala si haba, lakini ini lenyewe halijaumia. Apunguze samli na sukari, aendelee kutembea, wamtazame tena. Nikamuuliza kama zamani yalikuwa mengi zaidi. "Sina picha ya zamani," akanijibu. "Siwezi kujua." Nami sijajua mpaka leo. Sijui kama ngazi zile zilimwokoa au kama angelikuwa vile vile tu hata angelikaa. Daktari wangu wa Nairobi angelisema kwamba mtu mmoja si ushahidi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazika rafiki zake, akaozesha wajukuu, akafa kwa maradhi mengine ambayo hakuna panya aliyenifundisha kuyaogopa. Mimi mwenyewe sasa nimekoma hedhi, najua jasho lile la mchana, na nikipanda ngazi najikuta nasikiliza pumzi yangu.

Lakini siku ile tulitoka nje ya hospitali tukakaa kwenye benchi la mawe linaloelekea bahari. Mama alikuwa anajipepea kwa ncha ya buibui.

"Wale panya wenu," akasema, "walokuwa wakikimbia. Mlipomaliza mliwatendani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kumwambia tuliwaachia.

"Tuliwaua, mama. Ini halionekani bila ya kupasua."

"Walokaa?"

"Na waliokimbia. Wote."

Akatikisa kichwa. "Maskini. Na hakuna alowambia wakimbia kwa nini."

"Hakuna."

Alisimama, akakaza buibui kichwani. Kushoto ni nyumbani, watu wanatungoja na udi bado unafuka. Kulia ni njia ya kwenda kijiji cha Shela, mchanga mtupu na jua. Nikamwambia jua limekuwa kali, mama, turudi.

"Mimi nimeambiwa," akasema, akashika njia ya kulia.